Shika, ongea na mama yako

Usiku wa kuamkia mazishi nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa mama, sababu eti mimi ndo nashinda kwenye kompyuta kwahiyo mambo ya kuandika nayajua. Nikakaa mezani, nikaandika alizaliwa mwaka fulani, akaolewa, akajaliwa watoto 4 na wajukuu 9, alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu, hakuwa na makuu. Nikasoma nilichoandika nikaona yani hapa ukibadilisha jina tu jirani anaweza kwenda kumsomea mama yake na hakuna atakayeshtuka. Nikafuta yote. Saa 8 ya usiku bado natazama karatasi nyeupe, na hapo ndo nikaanza kujiuliza, huyu mama mimi nilikuwa namjua kweli au nilikuwa namtumia tu?

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Sisi kwetu baba hakuwa mtu wa kuongea na simu. Sio mkali, hapana, ni mtu wa maneno machache tu, na simu kwake ilikuwa kama kitu cha kushikia mpaka mwenyewe afike. Ukipiga akapokea yeye ni shikamoo baba, marahaba, hamjambo huko, hatujambo, haya shika, ongea na mama yako. Sekunde 15 zikizidi sana 20. Nimeisikia hiyo "shika, ongea na mama yako" tangu nimeondoka nyumbani, na kwakweli haikuwahi kuniuma, niliona ndo utaratibu. Mama anachukua simu, hapo sasa unaweza kuongea nusu saa, anakupa habari za dada, za kaka, za mdogo wetu wa mwisho, alafu kabla hajakata anamalizia "baba yako anakusalimia sana, anakuwaza". Kila mara. Baba amekaa hapohapo pembeni ila salamu zake zinapitia kwa mama.

Na sisi watoto hivyohivyo. Nikikwazana na kaka simpigii kaka, nampigia mama. Dada akitaka kujua kama kweli nimehama nyumba haniulizi mimi. Sikuona tatizo lolote hapo, nilijua sisi ni familia inayoelewana.

Wiki kama mbili kabla ya ile siku mama alipopata kiharusi, alikuwa anaongea na binti yangu kwenye simu, mtoto wa miaka 6, ghafla mtoto akanigeukia akaniambia bibi anaongea kama amelewa. Nikacheka. Nikachukua simu, kweli maneno yalikuwa yanavutika, yamechanganyika, nikamuuliza mama umetoka kulala? Baada ya dakika chache akawa sawa kabisa, akasema ni uchovu, tukaendelea na stori zetu. Leo najua kile kilikuwa kitu gani. Ni kiharusi kidogo, damu inazibwa njia kwenye ubongo kwa muda mfupi alafu inafunguka yenyewe, dalili zinapita, mtu anaona amepona kumbe ile ni taarifa. Na hatari kubwa ya kiharusi chenyewe inakuja siku za mwanzo baada ya hapo, hasa zile saa 48. Mtu wa namna hiyo anatakiwa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo hata kama anatembea na anacheka. Mtoto wa miaka 6 aliliona, mimi mtu mzima nikalicheka. Hilo nimeshalikubali kwamba nitakuwa nalo maisha yangu yote.

Alafu presha. Mama alikuwa na presha miaka mingi na dawa alikuwa nazo. Tulipokuja kufungua droo yake tukakuta pakiti za dawa hazijaguswa, zingine zimetumika nusu, kumbe alikuwa anameza siku kichwa kikimuuma tu, kisipouma anasema leo niko vizuri, anapumzisha mwili. Presha haiendi hivyo. Mtu anaweza kuwa juu ya 140 kwa 90 miaka na miaka asisikie chochote, ndo maana dawa unameza kila siku, unajisikia vizuri au vibaya haihusu. Alikuwa anatukumbusha wote dawa zetu. Mdogo wetu ana pumu, mama alikuwa anampigia kumuuliza kama ana dawa ya akiba. Za kwake hakuna aliyemuuliza, maana wa kuuliza alikuwa yeye.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kama saa 1. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, baba akamuona mdomo umeenda upande, akamuuliza akajibu neno ambalo baba hakulielewa. Akamlaza. Sasa hapa ndo penyewe, na siandiki kumlaumu mzee wangu maana ningekuwa mimi sijui ningefanya nini. Baba hakumpigia mtu. Namba zetu zote zilikuwa kwenye simu ya mama na ile simu ina namba ya siri ambayo baba hakuijua, simu yake yeye ya kubonyeza ilikuwa na namba moja tu, ya mama. Miaka 46 ya ndoa wa kupiga simu alikuwa mama, na leo mama ndo amelala pale. Kwahiyo akafanya alichoona anakiweza, akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda akasubiri aamke. Saa 8 mchana dada akapiga simu ya mama kama kawaida yake, baba akapokea akasema "mama yako hawezi kuongea". Dada akadhani mama kakasirika.

Hospitali walitueleza kwamba kiharusi kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka, na kwa nje vinafanana, mpaka kichwa kipigwe picha ndo wanajua ni kipi. Cha kuziba ipo dawa ya kuyeyusha lile donge la damu, ila inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na wakikupa kumbe ni cha kupasuka ndo wamekumaliza. Mama alikuwa wa kuziba. Tumefika saa 9 na nusu alasiri. Daktari hakutusema, alihesabu tu kwa vidole kuanzia saa 1 asubuhi, kidole kimoja kimoja, alafu akaacha. Baba alikuwa anamwangalia vile vidole.

Nimesoma baadae kwamba mshipa mkubwa ukiziba ubongo unapoteza seli kama milioni 1.9 kila dakika. Sijawahi kumwambia baba hiyo namba.

Aliishi miezi 14 baada ya hapo. Mkono na mguu wa kulia haukurudi, na maneno hayakurudi. Kitaalamu inaitwa afasia, upande wa kushoto wa ubongo ndo kwa watu wengi unashika lugha, ukiumia hapo mtu anaelewa mengi ila kusema hawezi. Naomba hili nilisisitize maana lilituumiza sana: mtu asiyeweza kusema sio kiziwi na sio mtoto. Wageni walikuwa wanakuja wanampigia kelele sikioni, wengine wanaongea habari zake mbele yake kama vile hayupo, hata wodini kuna aliyekuwa anamuita "katoto ketu". Mama alikuwa anafumba macho. Mimi namjua, lile sio jicho la usingizi, lile ni jicho la "huyu ataondoka lini".

Alibaki na neno moja. Kesho. Usiniulize kwanini hilo, wanasema wagonjwa wa aina hii wengine wanabaki na neno moja au silabi moja inayojitokeza kwa kila wanachotaka kusema. Mwaka 1861 kule Paris daktari Paul Broca alikuwa na mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka kitu zaidi ya "tan", mpaka wakawa wanamuita hivyo, na baada ya kufa kwake ndo walipopajua sehemu ya ubongo inayohusika na kutamka. Wa kwetu ilikuwa kesho. Anataka maji, kesho. Amechoka na wageni, kesho. Umemuuliza jina la mjukuu, anakukazia macho, mdomo unahangaika, alafu kesho, na anajua kabisa sio lenyewe, anapiga kiganja chake cha kushoto kwenye godoro kwa hasira.

Walioanza kumuelewa ni wajukuu. Sisi tulikuwa tunasikiliza neno, wao walisikiliza sauti. Kesho ya kushuka ni ndio. Kesho ya haraka mbili mbili ni hapana. Kesho ndefu ni njoo hapa unifunike. Binti yangu akawa mkalimani wa nyumba nzima, tunamuita bibi anasemaje, anasikiliza anasema "bibi anasema baba uache kukaa hivyo unaziba dirisha". Na mama anatikisa kichwa ndio, ndicho nilichosema.

Siku moja huyohuyo mtoto alikuwa anacheza sakafuni anaimba kale kawimbo ambako mama alikuwa anatuimbia sote tukiwa wadogo, kawimbo ka kumbembeleza mtoto, alikafundishwa na bibi yake mwenyewe. Akafika katikati akasahau. Na kutoka kitandani ikaja sauti, maneno yote, yamenyooka, mpaka mwisho wa ubeti. Dada aliacha kila kitu akakimbilia chumbani akidhani mama amepona. Tukamwambia mama sema tena, sema maji. Kesho. Imba mama. Akaimba. Tukaja kuelezwa kwamba hilo lipo, kuimba na vitu vya mazoea kama kuhesabu au sala vinaweza kubaki hata pale maongezi ya kawaida yamepotea. Alikuwa anahesabu 1 mpaka 10 bila kukwama ila ukimuonyesha vidole 3 ukamuuliza ni vingapi ilikuwa kesho. Tangu siku ile kila jioni kulikuwa na kuimba, na mimi ambaye sijawahi kuimba mbele ya watu nilikuwa naimba.

Sasa kilichotokea kwingine. Mama hawezi kupokea simu, kwahiyo ikabidi tuanze kuongea wenyewe kwa wenyewe, na nikwambie ukweli hatukujua. Mimi na kaka mara ya kwanza tulipopigiana kupanga zamu za kumuangalia mama tuligombana ndani ya dakika 3, kisa kitu ambacho mama angekisema kwa namna yake kikapita. Na baba, mungu wangu. Nikipiga ananiambia shikamoo yangu ameipata, anakaa kimya, nasikia anapumua, alafu anasema haya. Anakata.

Ila kulikuwa na jioni moja tumekaa nae nje ya chumba cha mama, nikaona nimshukuru kwa kitu ambacho nilikuwa nakibeba miaka. Kuna kipindi nilipoteza kazi, nikawa nimeishiwa kabisa, na mama akaniambia kwenye simu "baba yako anasema mwanaume haanguki kwasababu ameangushwa, anasema anakuamini kuliko watoto wake wote ila nisikwambie". Hayo maneno yaliniinua, nakuapia. Nikamwambia baba, yale uliyomwambia mama kipindi kile nilipofukuzwa kazi asante. Akaniangalia. Akasema mimi sikusema kitu, nilisema tu "huyu nae kazidi, kila mahali anafukuzwa".

Tulikaa kimya muda mrefu alafu baba akaniuliza taratibu, na wewe ulisema kweli kwamba mimi ndo umejifunza kwangu kuvumilia? Mama yako aliniambia. Sikuwahi kusema. Basi tukaanza kuulizana, hiki ulisema? Hapana. Na hiki? Hapana. Dada akaja nae akaingiza ya kwake, kumbe ule ushauri wa baba kuhusu ndoa yake ulikuwa wa mama, ule msamaha wa kaka kwangu ulikuwa wa mama, hata zile salamu "anakuwaza sana" baba alikuwa anazisikia yeye pia kama sisi, kwa mara ya kwanza, pale mama anapozitamka. Miaka yote hiyo mama alikuwa anaandika pande zote mbili za barua. Tukacheka mpaka machozi, na kutoka ndani ikasikika kesho, kesho, haraka mbili mbili. Alikuwa anasikia kila kitu.

Habari ya kumuuguza sitaongelea sana, aliyeuguza anajua. Kumgeuza kila baada ya saa 2 usiku na mchana asipate vidonda vya mgongo, hilo tuligawana zamu. Kumlisha akiwa ameketi wima kabisa, kidogokidogo, sababu kiharusi kinaharibu na kumeza, kitu kinaweza kwenda njia ya hewa bila hata yeye kukohoa. Baba ndo alikuwa mwalimu wetu hapo. Mtu ambaye sikuwahi kumuona anashika sufuria alikuwa anasaga chakula, anakipoza, anajaribu mgongoni mwa mkono wake kwanza kama cha mtoto, anamfuta mdomo. Na alikuwa anamuongelesha. Polepole mno, ukisimama mlangoni unaweza kumsikia anamueleza kila kitu, nani kapita, mvua imeanguka upande gani. Mtu wa sekunde 15.

Mwishoni ilikuwa nimonia. Inawapata wengi wa hali yake. Siku 5 hospitali na alfajiri ya ile ya sita akaondoka, dada alikuwa zamu.

Turudi usiku wa wasifu. Nikaamua kwenda kuamsha watu. Kwanza nilimfuata baba, hakuwa amelala. Nikamuuliza mama alikuwa mke wa namna gani. Akafikiria mpaka nikadhani amesinzia, akasema "alikuwa hasahau ubaya lakini alikuwa anauweka mbali asiuone kila siku". Alafu akaniambia kwamba mwaka wa tatu wa ndoa mama alimuacha, akaondoka miezi miwili, akarudi mwenyewe, na hajawahi kumwambia kwanini alirudi. Mimi nina miaka 41 ndo nasikia. Dada akasema mama alikuwa anaogopa giza, alikuwa anaacha mlango wa chumba chetu wazi sio kwa ajili yetu. Kaka akasema alikuwa anamkopa hela na harudishi. Mdogo wetu alilia tu. Asubuhi nikawauliza wajukuu, wakasema bibi alikuwa anacheza karata kwa kuiba, na ukimkamata anasema macho yake mabovu. Huyu ni mama yetu tunayeambiwa hakuwahi kusema uongo!

Nikaandika hayo. Sio yote, la miezi miwili nililiacha, hilo ni la baba. Karata niliweka. Salamu za kubuni niliweka, ingawa dada alisema utamwambiaje mtu mbele za watu kwamba mama yako alikuwa muongo. Niliposoma ile sehemu kuna watu walicheka, alafu nikaona shangazi mmoja amemgeukia mama mdogo, wanaangaliana, na nikajua hata wao walikuwa wanapata salamu.

Baada ya mazishi rafiki yangu alinitumia zile hatua tano za huzuni, eti kukataa, hasira, na kuendelea. Kwa nia njema kabisa. Ila aliyezileta, daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, alikuwa anaongelea wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe, sio sisi tuliobaki. Sisi tuliobaki haiendi kwa ngazi. Mimi wiki tatu nilikuwa mzima, nafanya kazi, nacheka, alafu siku moja natafuta tochi kwenye kabati lake nakuta daftari ameandika namba za viatu za wajukuu wote 9, amekata za zamani anaandika mpya kila walivyokua, zimeishia mwaka ule mkono wake ulipokufa. Nikashindwa kusimama.

Na sauti yake sina. Miaka yote ya simu sijarekodi hata moja, nani anamrekodi mama yake. Ipo voisi moja tu ya sekunde 9 kwenye simu ya mke wangu, mama anauliza "hiki nikishika ndo kinarekodi au nikiachia?" Basi. Binti yangu anaipiga mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Baba tulimuwekea namba zetu zote kwenye ile simu yake ya kubonyeza, tukamuandikia na kwenye karatasi ukutani. Miezi ya mwanzo sisi ndo tulikuwa tunapiga. Wiki iliyopita jioni simu yangu ikaita, ni baba, nikashtuka nikajua kuna tatizo. Nikapokea, shikamoo baba, marahaba, hamjambo huko, hatujambo. Alafu nikamsikia anavuta pumzi, "haya shika..." akaishia hapo. Nikasubiri. Akakohoa kidogo, akaanza kunielezea mlango wa nyuma, kwamba bawaba ya chini imelegea, ukifunga unagoma, amejaribu kuweka kipande cha ubao lakini ubao nao ni mnene kwahiyo anafikiria aupunguze kwa msasa, au abadilishe bawaba zote mbili kabisa, mimi naonaje. Dakika 17 za mlango. Nikamwambia abadilishe zote mbili.